MITI YETU HAIJUI SIKU YA WAGENI



Sisi wa kikundi cha bustani hatuna zoezi ya kuandika mu gazeti hii. Kazi yetu ni jembe na panga. Lakini hii ni numero ya mwisho mbele ya vakansi kubwa, na iko neno moja ambalo tukilinyamazia mpaka mwezi wa kenda, litakuwa limechelewa mwaka muzima tena. Neno lenyewe ni hili: tunakata miti yetu mu wakati mubaya. Pengine mutacheka na kusema: "Miti nayo ni habari ya kuandika?" Musome kwanza, kisha mutacheka.

Wote munakumbuka mwezi wa pili. Wageni wa kanisa walikuwa wanakuja siku ya ine. Siku ya tatu tukatoka mu masomo mbele ya saa, kila mumoja na panga yake. Neno lilikuwa: safisheni njia, safisheni miti, kila kitu kipendeze. Tukasafisha kweli! Lupango ya seprese ile inatoka ku mulango mpaka ku nyumba ya Prefe, tuliikata mpaka ndani, pale majani ya kijani inaisha na inabakia mbao kavu tu. Avoka mbili za pembeni ya kanisa, tukaziondolea kichwa. Halafu tukaingia mu kahawa, ile ya nyuma ya jikoni, tukakata kila tawi lililotokea inje ya musitari. Matunda ya kijani ilianguka chini sawa mvua ya mawe. Hatukuangalia chini. Tulikuwa tunaimba.

Siku ya ine njia ilikuwa nzuri, wageni wakasifu, na sisi tukafurahi.

Leo tunaona matunda ya kazi yetu. Seprese ilibakia na matundu makubwa, na hayatafunikwa tena. Avoka moja, ngozi yake pande ya jua imepasuka na kuwa nyeusi. Na kahawa ya mwaka huu haikufika hata nusu ya ile ya mwaka jana. Munajua pesa ya kahawa inaenda wapi: inaingia mu mufuko wa kusaidia wenzetu ambao minerval inawashinda. Mwaka huu mufuko ulikauka mapema, na mwenzetu mumoja alirudi kwao mbele ya mitihani. Hatusemi ni panga peke yake ndiyo ilimurudisha. Lakini panga iko ndani.

Hatutaki kushitaki mutu. Panga zilikuwa mu mikono yetu wenyewe. Tena, mumoja wetu alikuwa ametafuta mu bibliotheki yetu kitabu cha bustani kilichotoka Ulaya, na kitabu kinasema wazi: miti ya matunda ikatwe mwisho wa baridi, mu mwezi wa pili ao wa tatu. Njo tukajiona wenye akili. Tulikuwa na amri, na kitabu vilevile.

Kitabu hakikudanganya. Kule Ubelgiji ao Ufaransa, mwezi wa pili pomme na poire zinalala. Hazina majani, hazina maua, hazina matunda. Ukikata pale, muti unaamuka na joto na kutoa matawi mapya. Lakini sisi hapa Bukavu tuko karibu ya ekweta, digri 2 na nusu tu kusini yake. Hatuna baridi ya kulaza muti. Kwetu muti unapumzika juu ya kukosa maji, ndiyo kusema mu kiangazi, mwezi wa sita mpaka wa nane. Mwezi wa pili kwetu ni katikati ya mvua, na kahawa iko na mimba. Tulichukua kalenda ya muti mwingine wa inchi ingine, tukaivalisha muti wetu.

Mzee anayelinda bustani alikuwa ametuonya siku ile. Alituita pembeni, akasema: "Bana bangu, hii kahawa mwamukate leo juu ya nini? Ajamaliza kazi yake." Mumoja wetu akamujibu: "Papa, ni amri." Akanyamaza, akaenda kufunga mbuzi. Kisha, mu mwezi wa tano, tulirudi kwake kumuomba musamaha na kumuuliza: "Papa, basi wakati muzuri wa kukata ni mwezi gani?" Akatujibu: "Musiulize mwezi. Muulize muti huu unatoa ua lake wapi, na lini. Kisha munajua."

Tulitafuta maana ya jibu lile mu vitabu na kwa waalimu wetu wa biolojia na wa kilimo, na tuliona kama mzee alisema yote. Tunapenda kueleza kidogo, juu kila mumoja wetu atakuwa na miti nyumbani kwake.

Kahawa arabika, ile ya milima yetu, inazaa ku matawi yaliyokomaa mwaka uliopita. Inatoa maua wakati mvua ya kwanza inarudi, mwezi wa kenda ao wa kumi. Matunda inakaa ku muti miezi saba, minane, hata kenda. Mavuno makubwa yetu inatokea mwezi wa tatu mpaka wa sita. Basi, kati ya mavuno na maua iko nafasi moja tu: kisha tunda la mwisho kuvunwa, mbele ya mvua kurudi. Nafasi ile njo ya kukata. Unaondoa matawi makavu, yaliyozeeka, yanayoingia ndani na kugombana, unaachia hewa na jua kupita. Ukikata mbele ya mavuno, unatupa matunda ya mwaka huu. Ukikata kisha maua, unatupa ya mwaka ujao. Wakati wa mvua, kazi yake ni ingine: kuvunja na mukono vile vichipukizi vinavyopanda wima ku shina na kula chakula ya bure, ile agronomu wanaita gurmani. Hiyo haihitaji panga hata kidogo.

Musizani kukata kahawa ni ya kupendeza macho tu. Kahawa iliyofungamana inakaa na unyevu, na kutu ya majani inaipenda. Vilevile iko mududu mumoja, jina lake antestia, anayependa kujificha mu kahawa yenye giza. Yeye anafyonza tunda, na anaweza kuleta ile harufu ya kiazi kibichi mu kikombe, ambayo inaharibu bei ya kahawa ya Kivu, ya Rwanda na ya Burundi. Kufungua muti ni kumufukuza yeye bila dawa.

Na kama kahawa imezeeka kabisa, kama ile misitari mitatu ya chini? Hapo hakuna kuchokora na panga. Wanakata shina zima na musumeno, karibu sentimetre 30 juu ya udongo, wanalaza kidonda ili maji itelemuke. Mu vichipukizi vinavyotoka, wanachagua viwili ao vitatu vyenye nguvu, vingine wanatoa. Muti ule utakaa karibu miaka miwili bila mavuno ya maana, kisha utazaa sawa kijana. Ndiyo sababu hawakati shamba lote mara moja. Wanakata musitari mumoja mwaka huu, mwingine mwaka ujao, na mufuko haukauki.

Sasa miti ingine. Embe na avoka zinatoa maua ku ncha ya matawi yaliyokomaa. Ukikata ncha mbele ya maua, umekata maua. Basi ukate mara moja kisha mavuno, ili ncha mpya zipate muda wa kukomaa. Avoka tena haipendi kuvuliwa nguo zote: ngozi yake inaungua na jua, vile tulivyoona wenyewe. Upunguze kidogo, mwaka kwa mwaka. Pera ni kinyume: inazaa ku matawi mapya yanayotoka musimu ule ule, basi kisha mavuno unaweza kuipunguza bila woga, itatoa matawi na maua pamoja. Maua ya ibisko na ya bugenvile nayo inatoka ku matawi mapya. Ukiyakata wakati maua imepita, karibu na kurudi kwa mvua, yatakushukuru.

Seprese ni tabia ingine kabisa. Pale penye jani la kijani, unaweza kukata na itachipuka. Pale penye mbao tupu, haichipuki tena. Basi lupango ya seprese inatakwa kukatwa kidogo kidogo na mara nyingi, si mara moja kwa nguvu. Kalitusi yenyewe, unaikata shina lote na inarudi. Muti na muti. Kuipatia yote amri moja mu siku moja ni sawa kupima miguu ya darasa zima na kiatu kimoja.

Na tawi kavu, ao lenye ugonjwa, ao linaloning'inia juu ya njia ya watoto? Hilo halina musimu. Linaondoka leo.

Wenzetu wa pande zingine wasichukue tena miezi yetu sawa vile sisi tulichukua ya Ulaya. Ndugu wa Lubumbashi wana kiangazi kirefu kuliko chetu, na mvua yao inaingia sana mwezi wa kumi na moja. Jakaranda zao zinatoa maua mwezi wa kenda na wa kumi, wakati udongo ungali mukavu, kwa hiyo anayezikata mwezi wa nane ili mutaa upendeze, amewanyima watu maua yenyewe. Ndugu wa Butembo wako ku ekweta kabisa na wanaona mvua mara mbili mu mwaka. Kila pahali waulize muti wao.

Iko vilevile neno la namna ya kukata. Tawi zito, usilipige na panga kutoka juu: litavunjika na kupasua ngozi ya shina mpaka chini. Ukate kwanza kidogo kutoka chini, kisha kutoka juu mbele kidogo, tawi lianguke, mwisho uondoe kile kipande kilichobakia. Usiache kijiti kirefu, wala usikate mpaka ndani ya shina. Mahali tawi linatoka, munaona sawa kola ya shati imevimba: ukate inje ya kola ile. Alex Shigo, mutu wa misitu wa Marekani, alipasua miti mingi sana na musumeno wa moto ili aone vidonda kwa ndani. Mu mwaka 1977 kazi yake ilieleza kama muti hauponyi kidonda sawa ngozi ya mutu: unakizungushia ukuta, kisha unakua juu yake. Kola ile njo inajenga. Ukiikata, umefukuza fundi. Na mafuta ao lami tunayopaka juu ya kidonda, haisaidii ukuta ule.

Na panga isafishwe. Tangu mwaka 2001, ugonjwa wa kunyausha migomba ulionekana Masisi, kisha ukaenea Kivu, na panga iliyotoka ku mugomba mugonjwa ni moja ya njia zake. Moto ao maji ya Javel, mbele ya kutoka ku muti kwenda ku mwingine: ni kazi ya dakika.

Sasa tunarudi ku neno letu, juu yote hayo mu vitabu yako, na waalimu wetu wanayajua kuliko sisi. Basi juu ya nini tunakosa kila mwaka? Sisi tunaona sababu mbili.

Sababu ya kwanza: kukata miti kwetu ni azabu. Mwenye kuchelewa sala, akate lupango. Mwenye kupiga kelele mu chumba cha kulala, akate miti ya kiwanja. Mukosaji hachagui siku ya kukosa, na muti unakatwa siku ya kosa lake. Tena anakata na kasirani, anataka kumaliza. Wakubwa wetu walishaona jambo hili. Wakati wa Wabelgiji kilimo cha lazima kilikuja na faini na gereza, na wazee wengi walichukia kahawa mbele hawajaipenda. Kisha mwaka 1973 mashamba makubwa ya wageni ilitolewa kwa wenye mali wapya, na mengi ilirudi pori, kahawa inapanda juu sawa miti ya msitu, hakuna wa kuikata. Kazi uliyofundishwa na fimbo, siku fimbo inaondoka unaiacha. Tunaogopa sisi pia tutatoka hapa na diplome, na mutu akituambia "kata muti", tutakumbuka tu azabu.

Sababu ya pili: kalenda. Wakati muzuri wa kahawa yetu ni mwezi wa saba na wa nane, na wakati ule interna iko tupu. Tunakuwa hapa wakati muti unafanya kazi, tunaenda wakati unapumzika. Tukirudi mwezi wa kenda, maua iko karibu. Basi kahawa haikatwi wakati wake, inakuwa pori, na siku ya wageni tunaiona mbaya, tunaishambulia. Si ubaya wa mutu. Ni saa mbili ambazo hazipatane.

Tunajua wengine watatujibu. Watasema: "Miti ya msitu nani anaikata? Mungu aliiumba, ijitunze." Ni kweli, msitu unajitunza. Lakini muti wa msitu haukuahidi kulipa minerval ya mutu. Sisi ndio tuliuweka musitarini na kuuomba matunda mengi, basi tuusaidie. Wamama wa jikoni watasema: "Na kuni?" Wana haki. Hawawezi kupika mupunga na maneno yetu. Lakini kuni itoke ku kalitusi ya kilima, ambayo inarudi, si ku avoka ambayo haikukomaa. Na mwalimu wa disipline atauliza: "Basi wakosaji wafanye nini?" Tunamujibu na heshima: maji iko ya kuteka, majani iko ya kufyeka, vyoo viko vya kusafisha. Azabu haitakosekana, tunajijua wenyewe.

Kwa hiyo tunaomba mambo mane kwa Prefe wetu na kwa kamati ya wazazi:

1. Kisha mitihani, mbele ya kufunga valizi, darasa la tatu mpaka la tano wabakie siku mbili. Kahawa iliyokwisha kuvunwa ikatwe, mzee wa bustani akiongoza. Sisi wa kikundi tunajitolea wa kwanza.

2. Wenzetu wanaokaa karibu warudi siku moja mu mwezi wa nane kumaliza, na chakula cha siku ile kitoke mu shamba.

3. Panga isiingie tena mu miti ya matunda kwa azabu, wala kwa siku ya wageni. Mgeni akija, tufagie njia na tumupatie kikombe cha kahawa. Ataona heri zaidi.

4. Tununue sekateri mbili na musumeno mumoja mudogo. Bei yake si kubwa kuliko mavuno tuliyotupa.

Na mzee wa bustani aalikwe saa moja mu darasa, hata kama hana diplome. Sisi tulipata kwake jibu ambalo tulitembeza kitabu bila kuliona.

Wandugu, sisi ni watoto wa kanisa, na Maneno ya Mungu mu Yoane sura ya 15 tunayajua kwa kichwa: Bwana Yesu anajilinganisha na mzabibu, na Baba yake ni mulimaji. Tulikuwa tunasikia pale paka habari ya tawi lisilozaa, lile linatupwa. Tusome tena. Tawi linalozaa nalo linakatwa, na sababu imeandikwa: lizae zaidi. Mulimaji yule hakati juu ya kasirani. Anajua tawi, anajua saa. Na mu Luka sura ya 13, mwenye shamba anataka kukata mutini uliokosa matunda miaka mitatu, mutumishi anaomba mwaka mumoja tena, achimbe na kuweka mbolea. Yule mutumishi ndiye tunataka kufanana naye.

Siku ile ya mwezi wa pili, hatukufanana naye. Mwezi wa sita unaisha, kahawa ya mwisho imevunwa siku ya posho iliyopita, na jua limeanza. Muti uko tayari. Valizi zetu nazo ziko tayari. Tunangojea neno la wakubwa.

Mungu awalinde mu vakansi.

Kikundi cha bustani, wanafunzi wa darasa la ine na la tano